Barua ya wazi kwa Maspika wa Bunge: hoja ya kupeleka wanajeshi ije kabla ya wanajeshi kuondoka

Kwa Spika wa Bunge la Taifa na Spika wa Seneti. Kwa kamati za mabunge yote mawili zinazosimamia ulinzi na mambo ya nje. Nakala kwa Waziri wa Ulinzi na Mwanasheria Mkuu.

Waheshimiwa,

Tarehe 2 Novemba 2022 wanajeshi wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) walikabidhiwa bendera Embakasi, Nairobi, tayari kwenda mashariki mwa Kongo. Hoja ya kuidhinisha safari hiyo ilipita bungeni wiki moja baadaye. Februari 2023, KDF walipopelekwa kaunti za kaskazini mwa Bonde la Ufa kuwasaidia polisi dhidi ya majangili wa mifugo, tangazo la Gazeti Rasmi lilitangulia, hoja ikafuata. Juni 2024, waandamanaji walipoingia katika majengo ya Bunge, tangazo lilitoka tarehe 25 na hoja ikapitishwa tarehe 26. Na Oktoba 2011 majeshi yetu yalivuka mpaka kuingia Somalia. Idhini ya Bunge ilikuja Desemba, wakati wa mipango ya kuyaingiza katika kikosi cha Umoja wa Afrika.

Hatusemi kwamba safari hizo zote zilikuwa makosa. Baadhi yetu tungeziunga mkono tungeulizwa mapema. Tunachosema ni kwamba Bunge linaulizwa jibu likiwa limeshatolewa. Mbunge anayesimama kuhoji kazi ya kikosi ambacho tayari kiko uwanjani anaonekana amewapa askari kisogo, na kiranja wa chama chake atamkumbusha hivyo kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Matokeo yake hoja hujadiliwa kwa saa chache, maneno yake huwa machache, na yale ambayo ndiyo kazi hasa ya Bunge (wapi, wangapi, mpaka lini, kwa fedha za nani) huachwa nje.

Tunaomba jambo moja: Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa na za Seneti ziwekewe masharti mahususi yanayosema hoja ya kupeleka wanajeshi iwe na nini ndani yake, ije lini, ipigiwe kura namna gani na ikome lini. Kazi hii haihitaji kubadili Katiba, wala haihitaji kusubiri mswada. Inawezekana kabla ya muhula huu kuisha Agosti 2027.

Tuanze na Katiba yenyewe, maana hoja nyingi huanza kupinda hapo. Ibara ya 241(3) ina aya tatu. Aya ya (a) inawapa KDF kazi ya kuilinda nchi na mipaka yake; adui akivamia Liboi, mji wa mpakani na Somalia, usiku wa leo, hakuna anayetakiwa kumngojea Spika. Aya ya (b) inawataka wasaidiane na mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, na Bunge la Taifa lipewe ripoti. Aya ya (c) inawaruhusu kurejesha amani katika sehemu ya nchi iliyokumbwa na machafuko, lakini kwa idhini ya Bunge la Taifa tu. Halafu ibara ya 240(8) inalipa Baraza la Usalama la Taifa uwezo wa kupeleka majeshi nje ya nchi, na wa kukubali majeshi ya kigeni yaingie hapa, kwa idhini ya Bunge. Bunge kwa maana ya ibara ya 93 ni mabunge yote mawili, Seneti ikiwemo.

Tofauti ya (b) na (c) ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Ripoti hutolewa baada ya jambo kufanyika. Idhini hutolewa kabla. Tangazo la tarehe 25 Juni 2024 liliegemea aya ya (b), ilhali kilichoelezwa ndani yake kilikuwa maandamano yenye ghasia katika sehemu mbalimbali za nchi, yaani hali ambayo aya ya (c) iliandikiwa. Kila Waziri, wa Serikali yoyote, atachagua aya yenye masharti mepesi ikiwa hakuna anayemzuia. Mahakama Kuu iliuacha mpango ule uendelee, lakini iliagiza Serikali itangaze katika Gazeti Rasmi masharti ya kazi ya wanajeshi na muda wake. Ilibidi jaji adai yale ambayo hoja ya Bunge ilipaswa kuyabeba tangu mwanzo. Kwa hiyo sharti la kwanza tunalopendekeza ni hili: hoja itaje aya inayotumiwa, na Mwanasheria Mkuu aeleze kwa maandishi, si kwa kauli ya mdomo ndani ya kamati, kwa nini ni aya hiyo na si ile inayofuata.

Kukosea msingi wa kisheria kuna gharama. Novemba 2023 Bunge la Taifa lilipitisha hoja ya kupeleka polisi 1,000 Haiti. Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Baraza la Usalama la Taifa halina mamlaka ya kupeleka polisi nje kwa kutumia ibara ya 240; ibara hiyo inahusu majeshi, na polisi wana utaratibu wao katika Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, unaotaka kuwepo makubaliano na nchi inayowapokea. Kura ilikuwa imepigwa, wabunge walikuwa wameshasema ndiyo, na bado idhini haikuweza kusimama mahakamani.

Kwa safari za nje, kuna msingi wa pili unaohitajika mbali na Katiba: sheria ya kimataifa. Njia ni tatu tu. Azimio la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Ombi au ridhaa ya nchi inayopokea majeshi. Au kujilinda chini ya ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambayo inadai Baraza la Usalama liarifiwe mara moja. Hoja ipachikwe waraka wenyewe. Mwaka 2011 tulijionea ubaya wa kutegemea maneno: siku chache baada ya majeshi kuingia Somalia, Rais wa nchi hiyo, Sheikh Sharif Ahmed, alionyesha hadharani kutoridhishwa na operesheni hiyo, ikabidi mazungumzo ya haraka yafanyike Nairobi kusawazisha mambo. Barua ya ridhaa iwe na tarehe, saini ya mwenye mamlaka ya kuitia, maeneo anayoyaruhusu na namna anavyoweza kuiondoa. Barua isiyosema haya itamfunga askari wetu katika nchi ya watu bila hati.

Sasa maneno ya hoja yenyewe.

Ujerumani ina sheria ya mwaka 2005 inayoeleza ombi la Serikali kwa Bunge la nchi hiyo liwe na nini: kazi ya kikosi, eneo la operesheni, msingi wa kisheria, idadi ya juu kabisa ya wanajeshi, aina ya uwezo utakaotumika, muda, na gharama pamoja na mahali fedha zitakapotoka. Afrika Kusini, katika ibara ya 201 ya Katiba yake, inamtaka Rais aliarifu Bunge bila kuchelewa kuhusu sababu, mahali, idadi na muda. Nchi hizi mbili zina historia tofauti kabisa na jeshi lao, lakini orodha zinakaribiana, kwa sababu maswali ya kijeshi ni yale yale popote. Tunapendekeza tuchukue orodha ndefu zaidi ya hizo mbili.

Kazi na adui ndiyo sehemu inayoharibu zaidi ikilegea. Azimio lililopitishwa na Bunge la Marekani baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 lilikuwa na kifungu kimoja chenye maneno kama 60 hivi, kikimruhusu Rais kutumia nguvu dhidi ya wale ambao yeye mwenyewe ataona walihusika au waliwahifadhi wahusika. Lilipita kwa kura 420 dhidi ya 1 katika Baraza la Wawakilishi, na 98 bila mpinzani katika Seneti. Barbara Lee wa California ndiye aliyepiga kura ile moja ya hapana, kwa hoja kwamba maneno yale hayana mwisho. Mwaka 2016 Serikali ya nchi hiyo ilitamka kwamba azimio hilo linawahusu pia al-Shabaab wa Somalia, kundi ambalo halikuwepo azimio lilipoandikwa. Mwaka 1964 Wamarekani walishapitia hayo kwa azimio la Vietnam, kwa kura 416 kwa sufuri katika Baraza la Wawakilishi, wakaja kulifuta azimio hilo Januari 1971, majeshi yakiwa yamezama vitani kwa miaka. Kosa ni moja: hoja iliacha anayetumia nguvu ndiye aamue nguvu hiyo ni dhidi ya nani.

Basi kazi iandikwe kwa kitenzi kinachopimika. «Kulinda barabara kati ya mji huu na ule» inapimika. «Kuimarisha usalama katika eneo» haipimiki. Kila mwaka mtu atasimama na kusema bado haijakamilika, na atakuwa anasema kweli. Adui atajwe kwa jina la kundi. Maneno kama «washirika wao» yasiwekwe. Kundi jipya likijitokeza, Serikali irudi na hoja mpya. Hilo si usumbufu. Kundi jipya lina silaha tofauti, lina wafadhili tofauti na mara nyingi liko katika kaunti au mkoa tofauti, na Bunge lina haki ya kuyajua hayo kabla ya kupanua vita.

Eneo nalo lisiandikwe kwa jina la nchi tu. Kikosi cha Umoja wa Afrika Somalia kiliigawa nchi hiyo kwa sekta, na KDF walipewa sekta yao kusini, upande wa Jubba. Hoja inaweza kufuata mgawanyo kama huo, ikataja pia anga na bahari, kwa sababu ndege za kivita, droni na meli hazifuati mstari wa sekta ya nchi kavu. Kwa operesheni za ndani ya Kenya, eneo litajwe kwa kaunti ndogo. Tangazo linalosema «sehemu mbalimbali za Jamhuri» linaigusa nchi nzima.

Idadi ina mitego yake. Kuandika «wasiozidi 900» hakutoshi mpaka useme nani anahesabiwa. Wahandisi, madaktari, marubani, mabaharia, wakufunzi na maafisa wa ujasusi wa kijeshi wote wahesabiwe, la sivyo watapewa jina la washauri na kuongezwa pembeni. Halafu kuna kipindi cha kupokezana zamu, ambapo kikosi kinachoondoka na kinachoingia huwa uwanjani pamoja. Mabunge yanayofanya kazi hii kwa makini huruhusu idadi ipitwe kwa muda wakati wa zamu. Sisi tunapendekeza siku 14, na zaidi ya hapo ihesabiwe kuwa ukiukaji. Bila kifungu hicho, kamanda analazimika ama kuvunja hoja ama kuacha kambi wazi kwa siku kadhaa. Kuacha kambi wazi hatutaki.

Muda tunaupendekeza siku 180 kwa safari za nje na siku 30 kwa kazi ya ndani ya nchi, zote zikikoma zenyewe. Neno «zenyewe» ndilo lenye nguvu. Hoja inayosema muda «utapitiwa upya» haina muda. Pia saa ya kuhesabu ianze na tukio linaloonekana: siku ya kwanza askari anapovuka mpaka, au siku tangazo linapochapishwa, lolote litakalotangulia. Wamarekani wana sheria ya mwaka 1973 inayotaka ripoti ndani ya saa 48 na kuweka siku 60, na nyingine 30 za kuondoa majeshi. Mwaka 2011, wakati wa mashambulizi ya Libya, Serikali yao ilidai kwamba operesheni ile haikufikia kiwango cha «uhasama» kinachotajwa na sheria, kwa hiyo siku 60 hazikuanza kuhesabiwa. Saa inayotegemea tafsiri ya anayebanwa nayo haitaanza kamwe.

Gharama huwasilishwa bungeni kama tarakimu moja. Kwa Kongo mwaka 2022, kamati iliambiwa kwamba wanajeshi zaidi ya 900 wangegharimu zaidi ya shilingi bilioni 4 kwa miezi sita ya mwanzo. Tarakimu ya namna hiyo haisaidii mpaka ipasuliwe. Mishahara ya askari ipo tayari katika bajeti. Kinachoongezeka ni posho ya operesheni, usafiri wa ndege na magari, mafuta, risasi na vipuri, chakula na maji, mawasiliano, na ndege za kuwatoa majeruhi. Vitu vitatu husahaulika karibu kila mara: fidia kwa familia za waliokufa, matibabu ya muda mrefu ya waliojeruhiwa mwili na akili, na kubadilisha magari yaliyochakaa kabla ya wakati wake. Hivyo vitatu hulipwa miaka mingi baada ya kikosi kurudi, kwa hiyo havionekani katika makadirio ya miezi sita. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ipewe siku mbili kutoa makadirio yake yenyewe, na hoja itaje fungu la bajeti. Ikiwa fedha zitachukuliwa kwa ibara ya 223, hoja iseme hivyo wazi, kwa sababu ibara hiyo inataka Bunge liombwe kuidhinisha ndani ya miezi miwili tangu fedha zitolewe mara ya kwanza.

Na pale fedha zinapotoka kwa wafadhili, hoja iseme nani atalipa wakijiondoa. Askari wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika Somalia, walikuwa wakilipwa posho ya dola 1,028 kwa mwezi kutoka Umoja wa Ulaya, kisha mwaka 2016 Umoja huo ukapunguza mchango wake kwa asilimia 20. AUSSOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kilichofuata huko, ilipoanza Januari 2025, suala la nani ataigharamia lilikuwa bado halijatatuliwa. Askari hawezi kusimamishwa kazi uwanjani eti bajeti ya Brussels imebadilika.

Ripoti ziwe za kila siku 60, zikiwa na vipengele vinavyojulikana mapema: idadi ya walioko uwanjani siku hiyo, waliouawa na waliojeruhiwa, raia waliodhurika na uchunguzi uliofanywa, fedha zilizotumika dhidi ya zilizoidhinishwa, na umbali uliobaki kufikia kazi iliyotajwa. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya KDF ya El Adde, Somalia, ilivamiwa, na Serikali haikuutangazia umma idadi kamili ya askari waliouawa. Familia zilikaa zikihesabu kwa majeneza na uvumi. Hoja yenye kifungu cha ripoti ingempa mbunge yeyote, wa upande wowote, uwezo wa kusimama siku ya 60 na kuuliza akiwa na sheria mkononi. Familia iarifiwe kwanza, na muda maalum uwekwe kwa hilo, kisha Bunge, kisha umma.

Tunaweka hapa rasimu, ili mjadala uanzie kwenye maneno na si kwenye nia njema:

«KWAMBA, kwa mujibu wa Ibara ya 240(8)(a) ya Katiba, na kwa msingi wa waraka ulioambatishwa, Bunge hili linaidhinisha kupelekwa kwa wanajeshi wa Kenya wasiozidi [idadi], wakiwemo wa huduma na ugavi, katika [maeneo yaliyotajwa kwa majina, pamoja na anga na maji yake], kwa kazi ya [kazi] dhidi ya [kundi], na si kazi nyingine, KWAMBA idhini hii inaanza siku askari wa kwanza atakapovuka mpaka au siku tangazo litakapochapishwa, lolote litakalotangulia, na inakoma yenyewe baada ya siku 180, isipoongezwa kwa hoja mpya, KWAMBA matumizi yasizidi shilingi [kiasi] kutoka fungu [nambari], KWAMBA Waziri awasilishe ripoti katika mabunge yote mawili kila siku 60 kwa vipengele vilivyomo katika jedwali, na KWAMBA Bunge lolote kati ya mawili likipitisha hoja ya kuondoa idhini hii, wanajeshi waanze kurejea ndani ya siku 30, wakiendelea kuwa na haki ya kujilinda hadi wa mwisho atakapofika nyumbani.»

Kwa operesheni za ndani, rasimu ibadilishwe na kuongezwa mambo mawili: nani anatoa amri pale askari na polisi wanapokuwa pamoja, na kwamba anayekamatwa na mwanajeshi akabidhiwe polisi papo hapo ili afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama ibara ya 49 inavyodai. Hapa ndipo watu hupotea. Polisi wana kitabu cha matukio kituoni. Lori la jeshi halina.

Kuhusu kura. Akidi (idadi ya chini inayotakiwa ukumbini) ya Bunge la Taifa chini ya ibara ya 121 ni wabunge 50, na uamuzi chini ya ibara ya 122 ni wa wingi wa waliopo na kupiga kura. Kwa hesabu hiyo wabunge 26 kati ya 349 wanaweza kihalali kuidhinisha jeshi litoke nje. Seneti, yenye akidi ya 15, inaweza kufanya hivyo kwa maseneta 8 kati ya 67. Kanuni za Kudumu haziwezi kuipandisha hesabu hii, kwa sababu imo ndani ya Katiba, na anayependekeza kanuni ya theluthi mbili anajitafutia kesi. Kinachowezekana ni kulazimisha kura ya majina, bila kungoja mbunge aiombe, na majina yachapishwe siku hiyo hiyo. Kura ya sauti inatosha kuahirisha kikao. Haitoshi kupeleka watoto wa watu vitani. Mbunge akijua jina lake litaandikwa, atafika ukumbini na atasoma hoja.

Kati ya ripoti ya kamati kuwekwa mezani na kura kupigwa, zipite siku tatu za vikao. Uingereza tarehe 29 Agosti 2013 ilijadili kuishambulia Syria kabla ya ndege kuruka, na Serikali ikashindwa kwa kura 285 dhidi ya 272. Waziri Mkuu alikubali matokeo usiku ule ule. Bunge linaweza kusema hapana bila nchi kuporomoka, mradi liulizwe mapema.

Kwa dharura ya kweli, ambapo siku tatu ni nyingi mno, kanuni itoe njia fupi: Serikali ichukue hatua, Maspika wote wawili waarifiwe kwa maandishi ndani ya saa 48, na hoja kamili iwe mezani ndani ya siku saba, Bunge likiwa mapumzikoni liitwe. Hoja isipoletwa au ikikataliwa, operesheni ikome. Sheria ya Ujerumani ina kifungu cha namna hiyo. Tahadhari yetu ni moja: njia hii itumike tu pale ambapo kungoja kunahatarisha maisha, na hoja ieleze kwa saa na tarehe ni lini Serikali ilijua kuhusu hatari hiyo. Kikosi kinachoagwa kwa bendera na bendi ya jeshi hakikuwa na dharura ya saa 48.

Tunajua pingamizi litakalokuja kutoka Wizara ya Ulinzi: siri. Ni pingamizi la haki na lina jibu. Kazi, eneo, idadi ya juu, muda, gharama na msingi wa kisheria vinaweza kusemwa hadharani. Adui huviona mwenyewe ndani ya wiki moja. Njia za kupita, siku na saa za kuondoka, majina ya vikosi, vyanzo vya ujasusi na kanuni za kufyatua risasi vibaki kwa kamati katika kikao cha faragha. Ibara ya 118 inamruhusu Spika kuwatenga wananchi pale tu kuna sababu za pekee, kwa hiyo uamuzi huo utajwe na sababu zake ziandikwe katika Hansadi (kumbukumbu rasmi za Bunge) hata kama yaliyosemwa ndani hayataandikwa.

Lipo pengo jingine linalotutia wasiwasi. Ibara ya 240(8) inataka mabunge mawili, lakini kamati ya upatanisho ya ibara ya 113 ni ya miswada, haihusu hoja. Seneti ikikataa na Bunge la Taifa likakubali, nini kinafuata? Jibu sahihi kwetu ni kwamba hakuna idhini. Liandikwe katika Kanuni za pande zote mbili kwa maneno yanayofanana, kabla ya siku ambayo kikosi kitakuwa kimepiga foleni uwanja wa ndege huku Maspika wakibadilishana barua.

Na neno «vita» lisitumiwe ovyo katika hoja hizi. Kutangaza vita kuna utaratibu wake chini ya ibara ya 132(4)(e) na 95(6), na nchi ikiwa vitani ibara ya 102 inaruhusu mabunge, kwa theluthi mbili ya wabunge wote wa kila upande, kujiongezea muhula kwa miezi sita kila mara, hadi mwaka mmoja. Hoja ya kupeleka wanajeshi iseme wazi kwamba si tangazo la vita.

Jaribio la kwanza la kanuni mpya liko tayari. Idhini ya Desemba 2011 iliombwa kwa ajili ya AMISOM. Tangu wakati huo kikosi hicho kimekuwa ATMIS, Aprili 2022, kisha AUSSOM, Januari 2025. Mlipaji, mgawanyo wa kazi na maazimio ya Umoja wa Mataifa yanayokibeba yamebadilika. Tunaiomba Serikali ilete hoja mpya kuhusu Somalia kwa mpangilio tulioueleza, ikiwa na azimio linalotumika sasa, ridhaa ya Serikali ya Somalia, idadi ya walioko leo, matumizi yote tangu Oktoba 2011 yaliyothibitishwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na idadi ya askari wetu waliokufa huko, mwaka baada ya mwaka. Kama Serikali inaamini idhini ya 2011 bado inatosha, Mwanasheria Mkuu aseme hivyo kwa maandishi mbele ya kamati zote mbili, na maandishi hayo yawekwe mezani.

Kwa heshima,
Sisi tulioandika